Aya ya Saba Kwenye Kapu

Sekei, Arusha
7 Septemba 1998

Kaka Gidion,

Pole na safari, na hongera kwa kazi mpya. Hapa ofisini bado wanasema "mwulize Gidion", halafu wanakumbuka kwamba Gidion yuko Dar es Salaam, wananigeukia mimi. Mimi nageukia ukuta.

Nakuandikia kwa sababu nimeharibu. Jumatano nilichapa barua mbili: rambirambi kwa familia ya fundi wetu wa mashine ya kukobolea kahawa, na barua kwa wakala wa mbolea wa Moshi kumwuliza mzigo umefikia wapi. Nilitaka kukopi mwisho wa barua, ule wa "Wako mtiifu", niupeleke kwenye ya pili. Sikuangalia kilichoingia. Wakala akampigia simu Meneja Manase kuuliza nani amefariki, maana barua ya mbolea imemalizika kwa "tunaungana nanyi katika kipindi hiki cha majonzi". Meneja hakunigombeza. Alicheka, akasema, "Binti, mbolea imechelewa, haijafa." Heri angenigombeza. Unajua bado niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Oktoba. Nisipothibitishwa kazini sijui nitamwambia nini baba, aliyenisomesha hatimkato na taipu kwa shida.

Siku yako ya mwisho ulinionyesha kipicha cha kapu chini kulia, kando ya saa, ukasema, "Hiki kitakuokoa." Kisha ukaitwa, ukaondoka. Nimekibonyeza mara moja tu. Ikatoka orodha ndefu na maneno ya Kijerumani. Nikazima kompyuta nzima.

Tafadhali nifundishe tangu mwanzo, kama mtu asiyejua kitu.

Mdogo wako wa kazi,
Anneth Aikaeli


Dar es Salaam
14 Septemba 1998

Dada Anneth,

Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuangalia kuna nini.

Sikiliza. Kompyuta yenyewe ina kiganja kimoja. Ukikopi kitu inakishika. Ukikopi kingine inakiachia cha kwanza. Wewe ulidhani imeshika "Wako mtiifu", kumbe ilikuwa bado imeshika majonzi. Kapu lipo kwa ajili hiyo. Kila unachokopi linakidaka na kukiweka kwenye orodha, kipya juu, cha zamani chini, na kando yake siku na saa. Nilipewa kwenye diski na yule Mjerumani aliyekuwa anajitolea kule Nkoaranga kwenu, ndiyo maana linaongea kikwao.

Fanya hivi. Chagua maneno unayoyataka, bonyeza Control na C. Fungua Kapu, utayaona juu kabisa. Nenda kwenye barua nyingine, simama pale unapotaka yaingie, fungua Kapu, bonyeza mstari wake mara mbili. Basi, yameingia. Anza na vitu vitatu: anwani ya kampuni, "Tafadhali rejea barua yako", na mwisho wa barua. Huo mwisho usiweke "Wako katika ujenzi wa taifa", Meneja hautaki. Anasema wakubwa walionunua shamba hawajengi taifa, wanauza kahawa.

Mawili ya kukumbuka. Kapu linabeba vitu hamsini. Cha hamsini na moja kikiingia, cha chini kabisa kinadondoka na hakirudi tena. La pili: hata unachokikata, kwa Control na X, linakidaka. Kwenye karatasi kimetoka, kwenye Kapu kimo. Kwa hiyo usichape barua za mchumba kwenye meza ya kampuni.

Huku kazi ni nzuri, ofisi ina kiyoyozi. Wasalimie wote.

Gidion Lemburis


Nkoaranga
20 Septemba 1998

Mwanangu Anneth,

Barua hii anakuletea Mama Nkasiogi, anashuka na ndizi. Mpe chai, usimwache mlangoni.

Ijumaa kwenye kikao cha shambani nilifurahi sana. Nilikaa benchi la mbele na kamati ya mfereji, nikakuona uko kando ya Meneja unaandika ile hatimkato yako, mistari kama nyayo za kuku. Mzee Kisioki akaninong'oneza, "Yule ni wa kwako?" Nikamwambia ni wa kwangu. Akasema, "Basi leo maneno yetu hayatapotea."

Ulisikia mwenyewe. Meneja alisema mbele ya watu wote kwamba maji ya mfereji yatatumika shambani, lakini Jumanne na Ijumaa yataachiwa sisi wa chini. Zamani za ushirika hilo lingetosha. Siku hizi kila unapokwenda unaulizwa karatasi iko wapi. Na kiangazi hiki si cha mchezo, migomba ya mama yako imeanza kukunja majani.

Tarehe 16 Oktoba tunakutana tena kuthibitisha muhtasari, na Mzee Kisioki atatia sahihi kwa niaba yetu. Ukishatiwa sahihi, kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Niletee nakala mapema nimsomee taratibu, macho yake hayamsaidii tena.

Mungu akulinde na mji.

Baba yako,
Ezra Aikaeli


Sekei
23 Septemba 1998

Baba,

Shikamoo. Mama Nkasiogi alifika salama, alikunywa chai vikombe viwili na kunisema kwamba nimekonda.

Kuhusu muhtasari, bado haujakamilika, kuna marekebisho madogo. Utaratibu wa ofisi hauniruhusu kutoa nakala kabla ya siku ya kikao. Usinielewe vibaya, Baba. Mwambie Mzee Kisioki kwamba siku hiyo utasomwa wote kwa sauti, kama kawaida.

Mwambie mama asibebe ndoo za kumwagilia. Mgongo wake haujapona.

Wako mtoto,
Anneth


Sekei
24 Septemba 1998

Kaka Gidion,

Nashukuru sana. Kapu sasa nalielewa. Niliweka vile vitu vitatu ulivyosema, na Meneja mwenyewe amesema barua zangu zimetulia.

Nina maswali machache, ni ya kazi tu. Kitu kilichokatwa kinakaa kwenye Kapu muda sawa na kilichokopiwa? Nimeona kompyuta ikizimwa na kuwashwa kinabaki, lakini je, kitabaki hivyo hata baada ya wiki tatu? Kuna namna ya kukifunga kisidondoke? Na mtu mwingine akikaa mezani kwangu, atakiona?

Kuna kimoja ambacho Jumatatu kilikuwa cha kwanza. Leo ni cha kumi na tisa. Nimeacha kukopi kabisa, na hata kubandika naogopa, anwani ya kampuni naichapa upya kila barua. Lakini ninapokwenda posta Meneja hukaa kwenye mashine, naye anakopi, na nikirudi nakuta kimeshuka ngazi mbili, tatu.

Usiniulize ni nini. Ni cha kazi.

Anneth


Dar es Salaam
1 Oktoba 1998

Dada Anneth,

"Ni cha kazi." Haya. Na mimi ni askofu.

Yaani nimekuonya kuhusu barua za mchumba, wewe wiki hiyohiyo ukaenda kuchapa! Ni nani? Ni yule mhasibu mwenye tai ya kijani? Kama ni yeye nitapanda basi nije kukushauri ana kwa ana.

Majibu. Kilichokatwa kinakaa sawa na kilichokopiwa. Atakayefungua Kapu atakiona, ila Meneja hajawahi kulifungua, anadhani ni pambo. Kukifunga: weka mausi juu ya mstari wake, bonyeza kitufe cha kulia. Zitatoka amri tatu za Kijerumani. Ya kwanza ni ya kubandika. Ya pili inafunga, utaona kipini chekundu. Ya tatu usiiguse, inafuta Kapu lote. Nadhani ni hivyo, diski sinayo hapa.

Lakini kama unaogopa, kwa nini ujitese kuhesabu ngazi? Futa lote, ukae kwa amani. Hakuna mapenzi yanayostahili kibarua chako.

Gidion


Sekei
8 Oktoba 1998

Kaka Gidion,

Si mapenzi. Afadhali yangekuwa mapenzi.

Kile kikao cha shambani cha Septemba, nilichapa muhtasari wake siku ileile jioni, kutoka kwenye hatimkato yangu, neno kwa neno. Aya ya saba ilisema mfereji utaachiwa wanakijiji Jumanne na Ijumaa. Jumatatu asubuhi Meneja akaja, akasimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa mpole. Alisema, "Wakubwa wamepiga simu. Aya ya saba hawaitaki. Itoe, upange namba upya." Nikamwambia, "Lakini Bwana, ilisemwa." Akasema, "Ilisemwa, ndiyo. Waliosikia wamesikia. Karatasi ni ya kampuni." Kisha akaomba daftari langu la hatimkato, akaelekea nalo mlangoni.

Nilibonyeza Control na X. Bado alikuwa mlangoni. Akauliza, "Imefutika?" Nikasema, "Imefutika, Bwana." Akasema ahsante. Sikujua kama nasema uongo. Nilikumbuka barua yako baada ya saa nzima, nikafungua Kapu, nikaikuta juu kabisa, ina saa yake: saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi.

Baba yangu ni mjumbe wa kamati ya mfereji. Sijakwambia kabla kwa sababu sijamwambia mtu yeyote hapa. Naogopa watasema niliajiriwa nipeleke habari kijijini. Yeye naye ameniomba nakala, nami nimemjibu habari za utaratibu wa ofisi.

Utasema nichape upya, si naikumbuka? Naikumbuka hata usingizini. Lakini nikiichapa upya leo itakuwa ni maneno ya mtoto wa Ezra Aikaeli. Ile iliyo kwenye Kapu niliichapa nikiwa karani tu, kabla sijaogopa.

Leo ni ya arobaini na tatu. Meneja analalamika, anasema nachapa kama napanda migomba. Amri yako ya pili sijaibonyeza. Uliandika "nadhani". Nilisimamisha mausi juu yake nikasoma lile neno la Kijerumani mara nyingi, nikaogopa, nikatoka.

Kikao ni tarehe 16. Niambie la kufanya.

Anneth


Dar es Salaam
13 Oktoba 1998

Anneth,

Barua yako imefika leo mchana. Hii nampa kondakta wa basi, labda itafika kabla ya Ijumaa, labda haitafika.

Kwanza, USIBONYEZE YA PILI. Nimekwenda kwa mtu anayejua Kijerumani, nikamchorea maneno kama ninavyoyakumbuka. Ya pili ndiyo inayofuta Kapu lote. Ya tatu ndiyo inayofunga. Nilikosea, na kama ungekuwa jasiri kama mimi, sasa hivi hakuna kitu. Nimekaa na jambo hilo mchana wote.

La pili. Sina ofisi yenye kiyoyozi. Natengeneza taipureta kwa binamu yangu Magomeni, kibarazani. Sikuhamishwa wala sikupata kazi bora. Mwaka jana, shamba liliponunuliwa, nilipewa orodha ya vibarua niisafishe, niondoe safu inayoonyesha kila mmoja alianza kazi mwaka gani, ule wa kuhesabia kiinua mgongo. Niliikata. Wakati huo hakukuwa na Kapu, ilikwenda moja kwa moja. Baadaye watu walikuja dirishani kwangu, wazee, wakasema, "Kijana, wewe si uliandika tulianza lini?" Nikawaambia kompyuta ilikuwa na hitilafu. Ndipo nilipomwomba Mjerumani anitafutie kitu cha kudaka. Nilikaa nacho miezi minane nikisubiri niambiwe tena nikate kitu, ili safari hii nifanye tofauti. Sikuambiwa. Nikachoka kukaa pale, nikaacha.

Sikuambii ufanye nini. Mimi nilipoambiwa nikate, nilikata, kama ulivyokwisha kufanya wewe. Kuanzia hapo sijui njia.

Gidion


Nkoaranga
21 Oktoba 1998

Mwanangu Anneth,

Bwana asifiwe. Jana ilikuwa Jumanne, na maji yalifika. Yalikuja na takataka nyingi mbele, majani na vijiti, kisha yakawa safi. Mama yako alivua viatu akasimama ndani ya mfereji kama mtoto. Nikamwambia mgongo, akaniambia niache.

Nataka nikwambie kuhusu kikao, maana uliondoka na gari la kampuni hatukuzungumza. Ulisoma vizuri aya zote sita. Ulipofika ya saba sauti ikakatika. Nikadhani ni vumbi la kahawa. Mzee Kisioki akasema, "Rudia hiyo, binti, masikio yangu nayo yanazeeka." Ukarudia. Nikamwona Meneja anaiangalia karatasi yake kama mtu aliyepokea barua ya mtu mwingine. Akageuza ukurasa, akarudisha, akakuangalia wewe.

Mzee Kisioki akamwuliza, "Bwana Manase, ndivyo ulivyosema, au tulisikia vibaya?"

Mimi nilihesabu mpaka tisa. Kisha Meneja akasema, "Ndivyo nilivyosema." Akatoa kalamu, akatia sahihi kabla ya Mzee. Ni mtu mwungwana, nimemheshimu.

Sasa nikwambie kama baba. Mtu aliyesoma asome kwa sauti. Ulitetemeka kama mtu aliyeiba kitu. Neno ni la kweli, limeandikwa, limechapwa, unaogopa nini? Jirekebishe hapo, utafika mbali katika kazi hiyo.

Baba yako,
Ezra Aikaeli


Sekei
26 Oktoba 1998

Kaka Gidion,

Barua yako kondakta aliileta Jumamosi, siku moja baada ya kikao.

Alhamisi Meneja aliniambia nitoe nakala ishirini za muhtasari. Aya ilikuwa ya arobaini na nane. Asubuhi ile alikuwa na barua mbili za kukopi, akazifanya nikiwa nimesimama pembeni yake na kikombe chake cha chai, nikihesabu. Alipotoka nikafungua Kapu, nikabonyeza mstari wa chini mara mbili. Ikaingia kati ya sita na nane kama mtu anayerudi kwenye kiti chake kanisani. Nikapanga namba, nikachapisha, nikatia nakala kwenye bahasha.

Ijumaa nilisoma. Baba amenisema kwa kusoma kwa sauti ndogo. Barua yake nimeiweka ndani ya Biblia. Sijamjibu.

Jumatatu iliyofuata Meneja aliniita, akafunga mlango.

"Uliniambia imefutika."

"Nilisema hivyo, Bwana. Nilidhani hivyo."

"Ilirudi vipi?"

"Niliirudisha mimi."

Alikaa. Alisema, "Ungeniambia kabla, ningekukataza." Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Na kama wewe usingeisoma, mimi nisingekubali kwamba niliisema." Kisha akaniambia nikae kwenye mashine nichukue barua. Nikaweka vidole kwenye kibodi. Alianza: "Kwa Bi. Anneth Aikaeli. Yah: Kutothibitishwa Kazini."

Niliichapa mwenyewe, kaka. Anwani ya kampuni nikaichukua kwenye Kapu, maana sasa hakukuwa na sababu ya kuhesabu. Alipofika mwisho akasita, akasema, "Weka kile cha kumtakia heri." Nikaweka. Nikaangalia mara mbili kama si majonzi. Akatia sahihi, akanirudishia daftari langu la hatimkato. Lilikuwa kwenye droo yake muda wote, hakulichoma.

Kwa hiyo muhtasari umethibitishwa, mimi sikuthibitishwa. Siku yangu ya mwisho ni Ijumaa hii. Kuna shule Moshono inatafuta wa kuchapa mitihani, nitakwenda kuuliza. Jumapili nitapanda Nkoaranga kumwambia baba ni nani aliyeikata aya ile kwanza. Hilo ndilo ninaloliogopa sasa, kuliko Meneja.

Wewe si mwongo wa kiyoyozi tu. Ulileta Kapu. Wale wazee waliokuja dirishani bado wako, wawili wanauza mboga Tengeru. Majina yao unayakumbuka, na pengine miaka yao ya kuanza kazi pia. Mimi sasa nina muda, na najua kuchapa.

Anneth


Ofisini
30 Oktoba 1998

Kwako utakayekaa kwenye kiti hiki,

Sikujui jina. Nakuachia karatasi hii chini ya kibodi kwa sababu mimi nilianza bila ya mtu kando, nikaogopa sana.

Kipicha cha kapu chini kulia si pambo. Kila unachokopi au kukata kinaingia humo. Fungua, bonyeza mstari mara mbili, kitatokea pale uliposimama. Soma kilichoingia kabla hujatia barua kwenye bahasha. Linabeba vitu hamsini, kisha cha chini kinadondoka. Maneno yake ni ya Kijerumani: la kwanza ni kubandika, la pili ni kufuta vyote, la tatu ni kufunga. Nimeyajaribu mwenyewe isipokuwa la pili.

Anwani ya kampuni na mwisho wa barua nimekuwekea. Chini kabisa utaona kitu kimoja chenye kipini chekundu. Ni aya fupi kuhusu maji. Haitakusumbua, iache hapo.

Meneja si mtu mbaya. Akikwambia ukate kitu, utakata, kwa sababu wewe ni karani na yeye amesimama nyuma yako. Lakini akikuuliza kama kimefutika, usijibu haraka.

Anneth Aikaeli